Mmoja Tu Alirudi
Somo kwa wakatekumeni juu ya kumshukuru Mungu

Bwana wetu Yesu Kristu alikuwa katika safari yake ya kwenda Yerusalemu. Njia ilipita mpakani mwa nchi mbili, Samaria na Galilaya, ambazo watu wake walikuwa hawapatani. Alipokuwa akiingia kijiji kimoja, watu kumi wenye ukoma walimtokea, wakasimama mbali. Walisimama mbali kwa sababu Sheria ya Wayahudi iliwakataza wakoma kukaa pamoja na watu wenye afya. Walikaa nje ya vijiji, nguo zao zimeraruliwa, na mtu akipita iliwapasa kupiga kelele ili asikaribie. Basi siku ile wale kumi walipaza sauti, lakini hawakupaza sauti ili kumfukuza mpita njia. Waliomba huruma.

Yesu hakuwapaka dawa. Aliwaambia tu waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa maana kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumtazama mkoma na kutamka kwamba ametakasika. Baada ya neno hilo la kuhani, mtu aliweza kurudi kwa mkewe, kwa watoto wake na kwa shamba lake. Wakaenda, na walipokuwa bado njiani wakapona. Mwinjili Luka, aliyeandika habari hii katika sura ya 17, asema kwamba mmoja wao, alipojiona amepona, alirudi nyuma. Alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kubwa, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, akamshukuru. Naye alikuwa Msamaria, yaani mgeni. Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Injili haisemi kama kuna mtu aliyemjibu.

(Siku hizi ukoma ni ugonjwa unaopona kwa vidonge vitolewavyo hospitalini, na mgonjwa aliyeanza dawa hawaambukizi tena wenzake. Kwa hiyo mkristu asimfukuze mwenye ukoma kijijini, bali amsindikize kwa mganga mapema.)

Wale tisa, yafaa kukumbuka, hawakuwa watu wabaya. Walimwamini Yesu, kama wasingaliamini, wasingalikwenda kwa makuhani hali miili yao ilikuwa bado na vidonda. Walisali, na sala yao ilisikilizwa. Walitii neno waliloambiwa. Tena Yesu hakuwarudishia ukoma kwa kuwa hawakushukuru. Waliponywa, wakabaki wamepona. Mungu si kama mtu anyang'anyaye zawadi aliyoitoa akiona hakusifiwa. Lakini wale tisa walipokipata walichokitaka, safari yao na Yesu iliishia hapo. Yule mmoja peke yake ndiye aliyesikia kutoka kinywani mwa Yesu kwamba imani yake imemwokoa. Wote kumi walipata ngozi safi, na huyo mmoja akampata Bwana mwenyewe.

Habari hiyo yawahusu wakatekumeni kuliko watu wengine. Mkatekumeni naye amesimama mbali na kuomba. Mara nyingi hutembea mwendo mrefu kwa miguu, tena wakati wa mvua, ili afike kwenye mafundisho. Hujifunza miaka miwili au mitatu. Hujibu maswali mbele ya Padri, jasho likimtoka. Mwisho, usiku wa Pasaka, hutiwa maji kichwani, huvikwa nguo nyeupe, ndugu zake hupiga vigelegele, na kuku huchinjwa. Kisha walimu wa dini huona jambo moja liwasikitishalo. Mahindi yanapovunwa na kuwekwa ghalani, mahali pa mtu yule pamebaki wazi kanisani. Hakukasirika na mtu, wala hakuikana dini. Alikuja kutafuta kitu, akakipata, akaenda zake nyumbani, kama wale tisa.

SHUKRANI NI NINI

Makabila mengi yana neno la kushukuru. Waluba wa Katanga husema wafwako, Wabemba husema natotela, watu wa Kasai husema twasakidila. Neno asante lenyewe limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kumwambia mtu kwamba ametenda vema. Wala shukrani haikai mdomoni tu. Mtoto apokeaye kitu kwa mkono mmoja huonywa mara moja na mama yake, naye hufundishwa kutoa mikono yote miwili, kupiga makofi polepole, kupiga magoti mbele ya mkubwa. Wazee waliona kwamba mwili nao una wajibu wa kusema asante. Kwa hiyo mkatekumeni asishangae akiona wakristu wanapiga magoti, wanainama na kuinua mikono mbele ya Mungu. Jambo hilo alilijua kabla hajaijua dini.

Je, Mungu anahitaji kushukuriwa? Hahitaji. Hata kama watu wote wa Likasi na vijiji vyake wangenyamaza, jua lingechomoza, na mvua ya Novemba ingenyesha shambani mwa mwenye shukrani na mwa asiye na shukrani. Mungu hapungukiwi na kitu. Apungukiwaye ni mtu asiyeshukuru, kwa kuwa polepole huanza kufikiri kwamba kila alicho nacho kimetoka mkononi mwake mwenyewe, au kwamba alistahili kupewa zaidi.

Na afikiriwe mkulima mmoja alimaye karibu na mto Lufira. Mvua za kwanza zikinyesha hupanda mahindi yake. Hupalilia mara mbili. Mwezi wa Aprili au Mei huvuna. Jembe ni lake, jasho ni lake, na maumivu ya mgongo ni yake. Lakini mvua hakuileta yeye. Nguvu iliyomo ndani ya punje, ambayo hupasua udongo na kuwa bua refu kumpita mtu, hakuitia yeye. Tena kabla mahindi hayajakomaa, wakati ghala zimekuwa tupu na watoto wanalia njaa, msitu humpa uyoga. Ule uyoga mkubwa uotao juu ya vichuguu, ambao mmoja watosha kuwalisha watu wa nyumba nzima, ni nani aliyeupanda? Viwavi wanaookotwa mitini na kukaushwa kwa kitoweo, ni nani aliyewafuga? Mtu huyo akiketi jioni na kuhesabu kwa haki, ataona kwamba kazi yake ni kweli, tena ni kubwa, lakini ni kama mkono uliokinga maji; chemchemi iko mahali pengine.

SHUKRANI SI BIASHARA

Yapasa kuwaonya wakatekumeni juu ya kosa moja lililoenea sana miaka hii, hasa mjini. Wako wahubiri wasemao kwamba sadaka ni mbegu: mtu akitoa franga chache leo, Mungu atamlipa nyingi kesho, na asipopata, basi hakutoa kwa imani, na atoe tena. Maskini wengi wametoa fedha ya shule ya watoto wao kwa kusikia maneno hayo. Hiyo si shukrani. Shukrani hutazama nyuma, kwenye jema lililokwisha kutendwa. Biashara hiyo hutazama mbele tu, kwenye faida inayotakiwa. Atoaye ili kumlazimisha Mungu hana tofauti na atiaye chambo kwenye ndoana, na samaki anayetaka kumnasa ni Mungu mwenyewe. Msamaria alikuwa amekwisha kupona aliporudi. Hakuwa na kitu kingine cha kuomba, ndiyo maana kurudi kwake kulikuwa safi.

WAHENGA NA SHABA

Nchi ya Likasi ni nchi ya shaba, na habari ya shaba ina fundisho lake juu ya shukrani.

Kabla Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906, wenyeji walikuwa wakichimba lile jiwe la kijani na kuliyeyusha kwa makaa na mivukuto. Walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na waliiita kula shaba, kwa kuwa kwa shaba walipata chakula na mali. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu 1910 hata alipofariki mwaka 1958, aliandika kitabu juu ya wala shaba hao, kilichochapishwa mwaka 1926. Wayeyushaji hawakuanza kazi bila sala. Waliwaomba wahenga wao, maana waliamini kwamba mtu peke yake hawezi kulifanya jiwe litoe maji mekundu. (Na ile misalaba ya shaba iliyotengenezwa zamani, ambayo watu huiona katika picha na majumba ya makumbusho, si Msalaba wa Kristu. Ni ya karne nyingi kabla ya wamisionari kufika, na ilitumika kama mali.)

Mkatekumeni aweza kuuliza: Je, wazee wale walikosa? Walijua jambo kubwa ambalo watu wengi wa leo wamelisahau, yaani kwamba utajiri wa ardhi ni kitu cha kupokelewa. Anayechimba siku hizi kwa mikono, akaingia shimoni kabla ya mapambazuko na kutoka na mfuko wa mawe, mara nyingi hashukuru mtu yeyote. Huwaza mnunuzi na bei tu. Wahenga walikuwa na hekima kumpita. Lakini shukrani yao iliishia njiani. Wahenga walipokea nchi kama watoto wao walivyoipokea, hawakuiumba. Shaba ilikuwamo ardhini kabla ya mhenga wa kwanza kuzaliwa. Mtoaji ni Mungu, yule ambaye watu wa nchi hii walimwita Leza tangu zamani.

Wala Kanisa halimwambii mkatekumeni awadharau wahenga wake. Katika Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwanzoni mwa Misa wanaitwa watakatifu, na pamoja nao wanaitwa wahenga wenye moyo mnyofu waliomtafuta Mungu. Basi wahenga wamepewa mahali pao, na mahali hapo ni upande wa watu wanaoshukuru pamoja na wazao wao. Kuku wa shukrani hachinjwi tena kaburini, kana kwamba marehemu ndiye mwenye mvua. Marehemu huombewa, hukumbukwa kwa jina, na shukrani huenda kwa Mungu.

MGENI KATIKA NCHI

Kuna jambo zito zaidi. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Mungu aliwafundisha Waisraeli namna ya kushukuru kwa mavuno. Mkulima alitakiwa kutia malimbuko ya shamba lake katika kikapu, na kukipeleka kwa kuhani. Lakini hakutakiwa kukiweka chini na kuondoka kimya. Ilimpasa kusimulia: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba taifa lake lilikuwa geni na tumwa huko Misri, kwamba Mungu aliwatoa na kuwapa nchi hiyo. Kisha ilimpasa afurahi na kula pamoja na nyumba yake, pamoja na Mlawi asiye na shamba, na pamoja na mgeni akaaye kati yao.

Mungu alimtia mgeni katika ibada ya shukrani, na sababu yake yaonekana. Asemaye kweli kwamba nchi aliipokea, hawezi tena kumwambia mwenzake: Toka, hii ni yangu.

Likasi ni mji uliojengwa na watu waliotoka mahali pengi. Wakati ulipokuwa ukiitwa Jadotville, jina lililodumu hata mwaka 1966, kampuni ya migodi na reli zilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka nchi ya Waluba wa kaskazini, kutoka upande wa Wabemba. Walioa, wakazaa, wakazikana. Hata hivyo mwaka 1992 kulitokea fitina ya siasa katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, na watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa makwao. Nyumba zilichomwa, na watu waliuawa. Maelfu walijazana kwenye stesheni ya Likasi, wakalala chini muda wa miezi mingi wakingoja gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, maana walizaliwa Likasi. Watoto walikufa pale kwa kuhara na kwa njaa.

Wengi wa waliofukuza na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wamepokea maji yale yale ya ubatizo, na Mwili ule ule wa Kristu. Mkatekumeni alitafakari jambo hilo sasa, kabla ya kubatizwa. Yale maneno ya shukrani waliyoyasema kila Jumapili hayakuwa yamefika mahali ambapo mtu huamua nani ni ndugu yake. Kumbe Injili ilikuwa imewaambia waziwazi kwamba katika wale kumi aliyerudi alikuwa mgeni.

KATIKA MSIBA

Lakini wale waliolala stesheni, je, wao walipaswa kushukuru nini? Na mama aliyemzika mtoto wake juzi? Na mkulima ambaye mvua ilimkatikia mwezi wa Januari, mahindi yakakauka yakiwa yanatoa maua? Mwalimu wa dini asiliruke swali hili, maana wakatekumeni huwa nalo moyoni hata wasipolisema.

Kwanza: Mungu hadai ashukuriwe kwa ajili ya uovu. Kuuawa kwa mtu si zawadi ya Mungu. Mwenye msiba na alie. Yesu alilia kaburini pa Lazaro. Katika Biblia mna zaburi nyingi za kilio, na kilio hicho ni sala ya kweli. Zaburi ya 22, ambayo Bwana aliianza pale msalabani, yaanza kwa kilio cha mtu aliyeachwa, na kabla haijakwisha imegeuka sifa. Haikugeuka upesi. Kuna mistari mingi katikati, na mtu asimharakishe mwenzake aliye katika mistari hiyo.

Mtakatifu Yosefina Bakhita aweza kuwasaidia wakatekumeni hapa, kwa kuwa alikuwa mtu wa Afrika na alikuwa mkatekumeni kama wao. Alizaliwa Darfur, katika Sudan, yapata mwaka 1869. Wauza watumwa walimteka akiwa mtoto, na kwa hofu akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji, na maana yake ni mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, alipigwa, alichanjwa mwili mzima na vidonda vikatiwa chumvi. Baadaye alinunuliwa na balozi mmoja Mwitalia, akafika Italia, na huko Venezia masista Wakanosa walimfundisha dini. Mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Akawa sista, na miaka mingi baadaye aliweza kubusu mahali pa kubatizia, akisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Alifariki mwaka 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Bakhita alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka, angepiga magoti na kubusu mikono yao, kwa kuwa kwa njia ile alimjua Kristu. Neno hilo ni gumu, na lisieleweke vibaya. Hakusema utumwa ni mwema. Wala hapana mtu mwingine awezaye kumwambia aliyeteswa aseme hivyo. Ni yeye mwenyewe aliyepata haki ya kulisema, baada ya miaka mingi. Alichokishukuru ni kwamba Mungu hakumwacha ndani ya uovu ule, bali alimtafuta humo. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike wamshukuru Mungu katika kila hali, yeye naye alikuwa amekwisha kupigwa viboko na kufungwa.

SHUKRANI YA KRISTU

Na aliyeshukuru katika saa iliyo mbaya kuliko zote ni Bwana mwenyewe. Usiku ule aliosalitiwa, Yuda akiwa ameketi karibu naye mezani, Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Alijua kwamba mkate ule ni Mwili wake, na kwamba kesho yake mwili huo utavunjwa. Akashukuru. Wakristu wa kwanza walilishika tendo hilo hata likawa jina: neno Ekaristi ni neno la Kigiriki, na maana yake ni Shukrani. Kwa hiyo akisikia mtu anasema anakwenda kwenye Ekaristi, mkatekumeni aelewe kwamba anakwenda kwenye shukrani ile ya Yesu, ili kuitia ndani yake shukrani yake ndogo, na machozi yake pia. Kabla ya sala kuu ya Misa, Padri huwaalika watu wote wamshukuru Bwana Mungu, nao huitikia kwamba jambo hilo ni la haki. Ni lile lile alilolifanya Msamaria: kurudi, kuanguka, kushukuru.

Mkatekumeni bado hajaalikwa kula mezani hapo. Na asione kwamba amefukuzwa. Njaa yake ni sehemu ya maandalizi. Tena katika vijiji vingi Padri hufika mara chache tu katika mwaka, na Jumapili nyingine mwalimu wa dini huongoza sala na masomo. Jumapili hizo nazo ni za kushukuru. Asizidharau mtu na kungoja siku ya Padri.

NAMNA YA KUSHUKURU NYUMBANI

Asubuhi, kabla ya kushika jembe au kufunga magunia ya makala kwenye baisikeli ya kwenda sokoni Likasi, mkatekumeni afanye ishara ya Msalaba na kumshukuru Mungu kwa kuamka. Ni neno fupi, na halimcheleweshi mtu. Kabla ya kula, baba au mama asali pamoja na watoto, hata kama katika sahani mna bukari na majani ya mihogo tu. Watoto wasikiapo baba anashukuru kwa chakula kidogo hujifunza jambo ambalo katekisimu peke yake haiwezi kuwafundisha.

Jioni ndipo penye kazi zaidi. Asiseme tu: Asante kwa yote. Mara nyingi asemaye hivyo hajakumbuka hata kitu kimoja. Avitaje vitu vya siku ile kwa majina yake: jirani aliyemkopesha panga, homa ya mtoto iliyoshuka, samaki wa ziwa Tshangalele waliopatikana kwa bei nafuu, ugomvi na shemeji ambao haukuzuka. Vitu vitatu vyatosha. Mtu akifanya hivyo mwezi mmoja ataanza kuviona mchana, kabla ya jioni kufika.

Wakati wa mavuno achague mahindi mazuri, wala si yale yaliyoliwa na fukusi, maana nabii Malaki aliwakemea vikali waliomletea Mungu wanyama vipofu na viwete, wakawaweka wanono nyumbani. Ayapeleke mbele ya altare pamoja na wenzake, kwa nyimbo na kwa ngoma. Na sehemu ya mavuno hayo aipeleke mlangoni pa mtu asiyeweza kumlipa: mjane, mzee asiye na mtoto, au yule mgeni aliyehamia kijijini juzi, ambaye lugha yake watu huicheka. Kama amekwisha kugombana na mtu huyo, aanze na yeye.

Mwisho, wakatekumeni watakaobatizwa Pasaka ijayo wajue desturi moja ya Kanisa la kale. Waliobatizwa usiku wa Pasaka walikaa na nguo zao nyeupe siku nane, na kila siku walirudi kanisani kufundishwa maana ya mambo waliyoyapokea. Jumapili iliyofuata Pasaka ilipata jina lake kwa sababu ya nguo hizo nyeupe.

Juma hili mwalimu awape wakatekumeni kazi mbili. Kila mmoja alete Jumapili kitu kidogo cha shamba au cha msituni, na wote pamoja waamue kijijini kitapelekwa kwa nani. Mwalimu asiamue kwa niaba yao. Kisha amwite kila mmoja faraghani na kumwuliza: Siku ya nane baada ya ubatizo wako, watu watakukuta wapi?